James Stevenson-Hamilton: Mlinzi wa wanyama aliyeitwa Skukuza

Katika baadhi ya hifadhi za Afrika, kuanzia nyanda za juu za Nyika nchini Malawi hadi Laikipia nchini Kenya, watalii hutembezwa porini wakiwa wamepanda farasi. Kiongozi hutangulia, wageni humfuata kwa mstari mmoja. Mara nyingi punda milia na twiga huinua vichwa, huwatazama kidogo, kisha huendelea kula.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Mnyama wa porini amejifunza kumwogopa kiumbe anayetembea kwa miguu miwili. Anapomwona mtu juu ya farasi, umbo lililo mbele yake ni la mnyama wa miguu minne, na harufu kali inayomfikia ni ya farasi. Lakini utulivu huo hupatikana mahali ambapo farasi hajazoeleka kuwa kipando cha mwindaji. Zaidi ya miaka 120 iliyopita, katika nchi ambayo sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Kruger huko Afrika Kusini, mambo yalikuwa kinyume. Wanyama waliosikia kishindo cha kwato walitimua mbio, kwa maana aliyekuwa juu ya tandiko alikuja na bunduki.

Mtu aliyetumia farasi kwa kazi tofauti katika nchi hiyo, kwa miaka mingi kuliko mwingine yeyote wa wakati wake, ni James Stevenson-Hamilton. Anakumbukwa kama baba wa Kruger. Wenyeji wa huko walimpa jina la Skukuza, na jina hilo, kama tutakavyoona, halikuwa la sifa tupu.

Mwanajeshi wa farasi

Stevenson-Hamilton alizaliwa Oktoba 2, 1867, mjini Dublin, Ireland. Familia yake ilikuwa ya Waskoti wenye mashamba makubwa huko Fairholm, karibu na Larkhall. Alikuwa mtoto wa kwanza wa kiume na mrithi wa mali hiyo, kwa hiyo kama angetaka angeweza kuishi maisha ya starehe bila kuhangaika na jua la Afrika.

Badala yake alijiunga na jeshi. Baada ya chuo cha kijeshi cha Sandhurst, mwaka 1888 aliingia katika kikosi cha wapanda farasi cha Inniskilling Dragoons, na mwaka huohuo akapelekwa Zululand. Mwaka 1898 aliomba ruhusa akasafiri na msafara wa Meja Gibbons kupanda mto Zambezi hadi nchi ya Barotse, katika Zambia ya leo. Safari hiyo ilimfundisha mambo mawili: jinsi ya kuishi porini, na kwamba wanyama walikuwa wakimalizwa kwa kasi kubwa. Kisha vikazuka vita vya Waingereza na Makaburu, vya 1899 hadi 1902, naye akapigana hadi mwisho upande wa Waingereza.

Vita vilipoisha, serikali mpya ya Transvaal ilikuwa inatafuta mtu wa kusimamia pori la akiba la Sabi, mashariki mwa nchi, mpakani na Msumbiji. Pori hilo lilitangazwa mwaka 1898 na serikali ya Kikaburu ya Rais Paul Kruger, lakini vita viliingia kabla halijapata usimamizi wa maana. Stevenson-Hamilton aliomba kazi. Alianza Julai 1, 1902, akiwa na miaka 34. Jeshi lilimruhusu kwa miaka miwili tu. Alikuja kustaafu mwaka 1946.

Pori lisilo na wanyama

Aliingia porini na mkokoteni wa kukokotwa na maksai pamoja na farasi wachache. Alichokikuta kilimvunja moyo. Unaweza kudhani kwamba pori la akiba la mwaka 1902 lilijaa wanyama kuliko leo. La hasha. Alisafiri siku baada ya siku bila kuona wanyama isipokuwa wachache sana. Tembo hawakuonekana kabisa. Wawindaji wa pembe na ngozi walikuwa wamepita kwa miongo kadhaa, na wakati wa vita majeshi yote mawili yalijilisha kwa nyama ya porini.

Zaidi ya bunduki, kulikuwa na sotoka. Wasikilizaji wenye wazee waliosimuliwa habari za miaka ya 1890 watalijua jina hilo. Ugonjwa huo wa ng'ombe uliingilia pembe ya Afrika, ukaangamiza mifugo ya Wamasai na jamii nyingine za Afrika Mashariki, kisha ukashuka kusini na kufika Transvaal mwaka 1896. Uliua ng'ombe, uliua nyati, uliua na wanyama wengine wengi wa jamii hiyo.

Hapo kukatokea jambo la ajabu. Mbung'o, waliokuwa wakiishi kwa damu ya wanyama hao, nao walitoweka katika nyanda hizo. Kabla ya sotoka, kuingiza farasi huko ilikuwa sawa na kumpeleka machinjioni, kwa sababu ya ugonjwa wa nagana unaoenezwa na mbung'o. Baada ya 1896 njia ilifunguka. Janga lililoua nyati ndilo lililomwezesha mhifadhi mpya kuzunguka pori lake juu ya farasi.

Hata hivyo ulibaki ugonjwa mwingine, ule unaoitwa kwa kifupi ugonjwa wa farasi wa Afrika. Wakati wa mvua za kiangazi cha kusini, farasi mzima wa asubuhi aliweza kufa kabla ya wiki kwisha, mapovu yakimtoka puani kwa kushindwa kupumua. Leo tunajua kwamba unaenezwa na usubi, wale wadudu wadogo wanaouma kuanzia jua linapozama. Wakati ule hakuna aliyekuwa na hakika, ingawa watu waliona kwa uzoefu kwamba farasi aliyefungiwa ndani kabla ya machweo hadi jua lipande asubuhi alikuwa na nafasi nzuri ya kupona. Punda milia huubeba ugonjwa huo bila kuumwa sana. Kwa hiyo mtu aliyetaka kufuga farasi katikati ya punda milia alikuwa anakaribisha msiba zizini. Farasi aliyewahi kuugua akapona alithaminiwa mno, na bei yake ilikuwa mara kadhaa ya farasi wa kawaida.

Usiku wa Harry Wolhuter

Stevenson-Hamilton aliajiri maaskari wakuu wachache wa Kizungu na kumpa kila mmoja eneo lake. Wa kwanza kati ya waliodumu alikuwa Harry Wolhuter, kijana aliyekulia katika nyanda hizo. Kisa chake kinasimuliwa Afrika Kusini hadi leo, na kinaonyesha doria ya farasi ilikuwa kazi ya namna gani.

Agosti 1903 Wolhuter alikuwa akirudi kutoka doria kaskazini ya mto Sabi. Wasaidizi wake, Waafrika waliosafiri kwa miguu pamoja na mizigo, walikuwa nyuma. Yeye alitangulia na mbwa wake aliyeitwa Bull, akitaka kufika kwenye maji kabla ya kupiga kambi. Giza lilikuwa limeshaingia. Mbwa alibweka. Wolhuter alidhani ni swala, hadi alipoona umbo likimjia kwa kasi, naye akageuza farasi ghafla.

Simba dume alirukia makalio ya farasi. Farasi alijinasua na kukimbia, lakini Wolhuter alianguka, bunduki ikamponyoka, na palepale simba wa pili akamdaka begani upande wa kulia. Yule wa kwanza alimfukuza farasi, na mbwa akafuata nyuma. Simba wa pili alimburuta Wolhuter makumi ya mita, uso wake ukiwa umebanwa chini ya manyoya ya mnyama, spea za viatu vyake zikikwama ardhini.

Mkono wa kulia ulikuwa hauna kazi tena. Kwa mkono wa kushoto alipapasa kiunoni na kukikuta kisu bado kimo katika ala yake. Alikishika kwa uangalifu mkubwa, maana kingeanguka hakukuwa na cha pili. Alimchoma simba mara mbili nyuma ya bega, akitafuta moyo, kisha akamchoma kooni. Simba alimwachia, akasimama akimtazama, akaondoka gizani.

Wolhuter hakujua kama amemuua. Alipanda mti kwa mkono mmoja na kujifunga kwenye tawi, asije akazirai na kuanguka. Simba wa kwanza alishindwa kumpata farasi, akarudi kwa kufuata damu. Aliyemzuia asikae chini ya mti ni Bull, yule mbwa, aliyekuwa akimbwekea na kumkwepa mpaka wasaidizi walipofika.

Wasaidizi hao walimtelemsha, wakamlinda usiku ule, na baadaye wakambeba kwenye machela kwa siku kadhaa mpaka Komatipoort, majeraha yakiwa yameanza kuoza. Kutoka hapo alipelekwa hospitali ya Barberton. Alipona, akarudi kazini, na akatumikia pori hilo hadi mwaka 1946. Farasi naye alipatikana hai, na simba alikutwa amekufa karibu na mahali palepale. Kisu na ngozi ya simba huyo vimehifadhiwa katika jumba la kumbukumbu huko Skukuza. Majina ya waliobeba machela hayajulikani sana, ingawa bila wao kisu kisingetosha.

Aliyepanda na aliyetembea

Hapo ndipo panapoonekana jambo ambalo vitabu vingi vya zamani hulipitia haraka. Katika pori la Sabi, farasi hakuwa chombo cha usafiri tu. Alikuwa pia alama ya cheo. Askari mkuu wa Kizungu alipanda, na askari wa Kiafrika alitembea. Waafrika hao walikuwa makumi, wengi kuliko Wazungu, na ndio waliosoma nyayo, waliolala mipakani na waliokutana na majangili kwanza. Wapo waliouawa na simba, na wapo waliouawa na majangili.

Stevenson-Hamilton mwenyewe aliandika kwa heshima juu ya ujuzi wao, na hakuogopa wakubwa. Mapema katika kazi yake aliwafikisha mahakamani maofisa wa polisi, Wazungu wenzake, kwa kuua wanyama ndani ya pori. Jambo hilo lilimletea maadui wengi, lakini lilitangaza kwamba sheria ya pori ingemkuta hata mwenye cheo.

Ila sheria hiyohiyo ilimwangukia mwananchi wa kawaida kwa uzito mwingine kabisa. Katika mwaka wa kwanza aliamua kwamba watu waliokuwa wakiishi kati ya mto Sabi na mto Crocodile waondoke. Inakadiriwa walikuwa kati ya 2,000 na 3,000. Waliacha mashamba, makaburi na visima. Hapo ndipo lilipotoka jina la Skukuza, kutokana na neno la lugha za huko lenye maana ya kufagia hadi pawe safi. Wapo wanaosema lilimaanisha mtu aliyepindua kila kitu juu chini. Wengine hulisimulia kama sifa, kwamba alifagia majangili. Mimi naona ni vigumu kuamini kwamba aliyefukuzwa kwake alilitamka kwa nia hiyo.

Pori lilipopanuliwa kuelekea kaskazini hadi mto Olifants, na baadaye alipokabidhiwa pia pori la Shingwedzi, alibadili mwendo. Waliokutwa humo waliruhusiwa kubaki, lakini kama wapangaji katika ardhi ya mababu zao: walilipa kodi au walitoa nguvu kazi. Kuwinda kulikatazwa. Mtu aliyekuwa akitega swala ili watoto wale sasa aliitwa jangili, na aliyemhukumu mara nyingi alikuwa Stevenson-Hamilton mwenyewe, kwa kuwa serikali ilimpa pia mamlaka ya hakimu. Msikilizaji anayeishi jirani na hifadhi hahitaji kuelezwa zaidi.

Kuhusu wanyama, maoni yake yalibadilika kadiri alivyozidi kukaa. Miaka ya mwanzo aliamini kwamba ili swala waongezeke ni lazima simba, chui, mbwa mwitu na mamba wapunguzwe, naye na maaskari wake waliwaua kwa wingi. Baada ya miaka mingi ya kuangalia akaona kwamba pori lina mizani yake, na kwamba simba ana kazi yake humo. Alikuja kusimama kidete kuwatetea simba mbele ya watu waliotaka wauawe, wakiwemo baadhi ya wakubwa wake. Kwa wakati ule hayo yalikuwa maoni ya watu wachache.

Kutoka kwato hadi magurudumu

Vita Kuu ya Kwanza vilimtoa porini. Alipigana Gallipoli, kisha akawa mtawala wa wilaya kusini mwa Sudan, na alirejea mwaka 1920. Akakuta hatari mpya. Wafugaji wa kondoo walitaka malisho ya majira ya baridi ndani ya pori, wachimbaji walitaka makaa ya mawe, na wanasiasa walitaka ardhi ya kugawa. Pori la akiba lililindwa kwa tangazo tu, na tangazo hufutwa kwa tangazo jingine. Alihitaji sheria ya bunge.

Alihitaji pia kuwaonyesha wapiga kura kwamba wanyama hai wana faida. Msaada ulitoka mahali asipopatarajia, yaani reli. Mwaka 1923 shirika la reli lilianza safari za kitalii zilizopitia katika pori, na treni ililala kituo cha Sabi Bridge, makao yake makuu. Abiria waliota moto gizani wakisikiliza simba, na askari wa pori aliwatembeza karibu na njia ya reli. Ikaonekana kwamba sehemu waliyoipenda kuliko zote ilikuwa hiyo.

Sheria ya hifadhi za taifa ilipitishwa Mei 31, 1926. Pori la Sabi, la Shingwedzi na mashamba yaliyokuwa katikati viliunganishwa. Hifadhi ikapewa jina la Kruger. Ulikuwa uamuzi wa kisiasa zaidi, ili Makaburu waione kuwa yao. Wanahistoria wengi wana shaka kama Paul Kruger alikuwa na mapenzi makubwa hivyo kwa wanyama. Aliyefanya kazi alijua jina lake halitawekwa getini, na alikubali kwa sababu alilolitaka alikuwa amelipata.

Mwaka 1927 magari matatu ya watalii yaliingia. Mwaka uliofuata yalizidi 100, na baada ya hapo hayakuhesabika kwa vidole tena. Barabara zilihitajika haraka, na aliyezichimba alikuwa tena mtu wa miguu. Watu wa Msumbiji waliokamatwa wakivuka mpaka bila kibali kwenda kutafuta kazi walifungwa na kufanyishwa kazi hifadhini kama wiki mbili, kisha wakapewa karatasi ya kuendelea na safari. Ilikuwa nguvu kazi ya karibu bure.

Gari lilithibitisha upya somo la farasi. Simba ambaye hajawahi kupigwa risasi kutoka kwenye gari hulitazama kama kichaka, mpaka mtu ashuke na kusimama kwa miguu miwili. Stevenson-Hamilton hakuyapenda sana makelele ya magari, lakini alijua yanalipa gharama za hifadhi na kuipatia marafiki.

Alioa akiwa na zaidi ya miaka 60, mwaka 1930, na mke wake Hilda alikuwa mchoraji. Walilea watoto wao palepale porini. Mwaka 1936 kituo cha Sabi Bridge kilipewa rasmi jina la Skukuza. Mwaka 1937 kilitoka kitabu chake kinachojulikana zaidi, South African Eden, kinachosimulia miaka yake ya kazi. Alistaafu Aprili 1946 akiwa na miaka 78, akahamia shamba lake karibu na White River. Hapo ndipo alipofariki Desemba 10, 1957.

Hilda aliishi hadi 1979. Majivu ya wawili hao yalitawanywa pamoja kwenye kilima cha Shirimantanga, ndani ya hifadhi, kusini mwa Skukuza.

Ufagio haukukoma naye. Mwaka 1969, miaka 12 baada ya kifo chake, serikali ya ubaguzi wa rangi iliwaondoa watu wa Makuleke, kama 3,000 hivi, kutoka pembe ya kaskazini ambako mto Luvuvhu unakutana na Limpopo, na ardhi yao ikaingizwa katika Kruger. Utawala wa ubaguzi ulipoanguka walidai haki yao. Mwaka 1998 walirudishiwa umiliki wa hekta takriban 24,000. Hawakurudi kujenga nyumba humo. Waliamua ardhi ibaki ya wanyama, chini ya makubaliano na mamlaka ya hifadhi, huku wao wakipata mapato ya watalii wanaolala huko.